Gorila Anasema, Mwenyeji Ananyamaza: Riwaya ya Congo na Filamu Yake mbele ya Wasomaji

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu riwaya moja ya kusisimua iliyouzwa kwa wingi duniani, filamu iliyotokana nayo, na hukumu ambazo wasomaji wamezitoa juu ya kazi hizo mbili. Riwaya ni Congo ya Mmarekani Michael Crichton, iliyotoka mwaka 1980. Filamu ina jina hilo hilo. Iliongozwa na Frank Marshall na ilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Juni 1995.

Tunazijadili katika jarida la taaluma za Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, mandhari yake ni milima ya Virunga, ambayo mkazi wa Goma huiona kila mawingu yanapofunguka. Pili, kiini cha riwaya ni suala la lugha: nani anayo, nani anaweza kuifasiri, na tafsiri hiyo ina nguvu gani. Hoja yetu ni kwamba filamu ilipoliondoa suala hilo iliuondoa moyo wa riwaya. Na kwamba riwaya yenyewe, ingawa inaitukuza lugha, imeigawa kwa namna ambayo msomaji wa Kivu hawezi kuipokea bila kuuliza.

2. Kisa kwa muhtasari

Mwaka 1979 kampuni ya ERTS ya Houston inatuma msafara kutafuta almasi za buluu zenye boroni, zinazohitajika kutengenezea kompyuta za aina mpya. Msafara uliotangulia umeangamizwa, na picha zilizofika kwa setilaiti zimeonyesha kiumbe asiyejulikana. Karen Ross anauongoza msafara wa pili akiwa na Peter Elliot, mtaalamu wa nyani, pamoja na Amy, gorila aliyefundishwa lugha ya ishara. Wanaongozwa na mamluki Munro, na mizigo inabebwa na wapagazi wa Kikuyu. Wanaukuta mji uliopotea wa Zinj, unaolindwa na gorila wa kijivu ambao mababu zao walifunzwa na wenye mji kuua wageni. Mwishoni mlima wa moto uitwao Mukenko unalipuka na kuufukia mji.

Mukenko haumo katika ramani yoyote. Ni wa kubuni, kama walivyo wa kubuni Wakigani, kabila la wala watu ambalo mwandishi amelipandikiza msituni. Filamu inafuata njia hiyo kwa jumla, ila almasi sasa ni za mitambo ya leza, na Amy amevishwa kifaa mkononi kinachogeuza ishara zake kuwa sauti ya Kiingereza. Misitu tunayoiona katika filamu kwa sehemu kubwa ni ya Costa Rica, na gorila ni waigizaji waliovaa mavazi yaliyotengenezwa katika karakana ya Stan Winston.

3. Maoni ya wasomaji

Maoni juu ya kazi hizi yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wanaosema filamu imekiua kitabu. Wanaikumbuka riwaya kwa maelezo yake ya setilaiti, kompyuta na elimu ya wanyama. Katika filamu wanakuta mzaha na vishindo. Lawama hii ilisikika sana, hata filamu ikatajwa mara saba katika tuzo za dhihaka za Golden Raspberry. Hata hivyo iliingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani. Lawama za wajuzi hazikuwazuia watazamaji.

Fungu la pili linaipokea filamu kama kichekesho. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne, akiiona kuwa ni mchezo unaotania visa vya zamani vya msituni. Wenye maoni haya husema kwamba asiyetaka kucheka asiende kuitazama.

Fungu la tatu ni la wasomaji wa Kiafrika wanaosema kwamba kitabu na filamu ni kosa moja lenye nguo mbili. Kwao, Zinj ni mgodi ule ule wa Mfalme Sulemani alioubuni Rider Haggard mwaka 1885, na Afrika imebaki kuwa stoo ya vito na makao ya washenzi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelekezwa hapa, kwani kisa cha Haggard kimo katika lugha yake tangu mwaka 1929, Frederick Johnson alipokitafsiri kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikisoma. Filamu nayo haifichi nasaba hiyo: inamtaja Sulemani waziwazi.

Fungu hili la tatu lina haki yake, lakini linaharakisha. Likizitia kazi mbili katika gunia moja, halioni mahali zinapotofautiana kweli. Fungu la kwanza linaiona tofauti, lakini linaitafuta katika mitambo, mahali pasipo na uzito mkubwa.

4. Silaha ya lugha na silaha ya leza

Tofauti kubwa imo katika kilele cha kisa. Katika riwaya risasi hazitoshi kuwazuia gorila wa kijivu. Elliot anatambua kwamba pumzi zao za kukoroma ni lugha. Anazirekodi, anazichambua kwa msaada wa kompyuta na wa Amy mwenyewe, anapata maneno machache, kisha anayapanga kuwa ujumbe wa kuwaamuru waondoke. Ujumbe unapopigwa kwa vipaza sauti, wanasita na kurudi nyuma. Wasafiri wanaokolewa na msamiati.

Mwanaisimu atakuwa na mashaka yake. Maneno machache hayafanyi sarufi. Mwaka 1979, mwaka mmoja tu kabla ya riwaya kutoka, Herbert Terrace na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao juu ya sokwe Nim, wakahitimisha kwamba mfululizo wa ishara zake haukuwa sentensi. Crichton alichagua upande wa matumaini, upande wa waliomfundisha Washoe na Koko. Lakini hatumhukumu mtunzi kwa kuchagua upande. La maana ni kwamba aliijengea riwaya pendwa kilele ambacho adui anashindwa kwa kusikilizwa.

Katika filamu jambo hilo limeondolewa. Amy bado anamtetea Elliot, lakini mapambano yanaamuliwa na mwali wa leza unaowakata gorila vipande. Hakuna anayejiuliza wanasema nini. Wanaolalamika kwamba mavazi ya gorila hayashawishi wanalalamikia ngozi tu. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba viumbe waliokuwa na usemi wamegeuzwa shabaha.

5. Jina la Zinj na kimya cha wenyeji

Baada ya kuisifu riwaya kwa hilo, hatuna budi kuidai zaidi. Jina Zinj ni umbo jingine la Zanj, neno ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Al-Masudi, aliyefika pwani hiyo karibu na mwaka 916, aliielezea nchi ya Zanj, na jina la Zanzibar lina asili hiyo hiyo. Crichton amelichukua jina la watu wa bahari akalipachika zaidi ya kilomita 1,000 bara, juu ya mji usio na wazao. Njia ya kweli kutoka pwani hadi Kongo ya mashariki ilikuwa ya misafara ya karne ya 19 iliyofika Nyangwe na Kasongo. Nayo haikuacha mji wa almasi, iliacha majeraha ya utumwa pamoja na lugha tunayoandikia makala haya. Urithi huo unaosikika masokoni kila siku haukumvutia mtunzi kama magofu.

Tazama pia nani anapewa sauti. Ishara za Amy zinanukuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Gorila wa kijivu wanapata mfasiri na kompyuta. Lakini watu waishio chini ya milima hiyo hawapati mfasiri. Mengi ya maneno yao yanatufikia kupitia kinywa cha Munro, na Wakigani hawasemi lolote la kukumbukwa. Ukilinganisha na Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, ambamo Willy Gamba anafika Kinshasa, utaona kwamba riwaya pendwa hailazimiki kuwa hivyo: Kinshasa ya Musiba ni mji wa watu wanaopanga, wanaosaliti na wanaojibu.

Ukweli wa mambo ni wa kusisimua kuliko ubunifu huu. Gorila wa Virunga, ambao wengi wetu huwaita ngagi, wana sauti zao. Dian Fossey, aliyeanza kazi Kabara upande wa Kongo mwaka 1967 kabla ya kuhamia Rwanda, alizichambua katika makala ya mwaka 1972. Walinzi wa hifadhi, kila wanapowakaribia ngagi, hutoa mngurumo mzito wa kooni kuwajulisha kwamba wanakuja kwa amani. Yale ambayo Elliot anayafanya kwa kompyuta, mlinzi wa kijiji cha jirani huyafanya kwa koo lake. Na Amy? Riwaya inamrudisha msituni, na tunamwona akimfundisha mtoto wake ishara. Ndakasi, ngagi aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili kando ya mama yake aliyeuawa, hakuweza kurudi. Aliishi katika kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, akafa Septemba 2021 akiwa mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Mfasiri ambaye Crichton alimtafuta Berkeley alikuwa Rumangabo.

6. Hitimisho

Filamu ilipotoka Juni 1995, Mugunga, Kibumba na Katale zilikuwa kambi za mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na kipindupindu cha Julai 1994 kilikuwa bado kinakumbukwa. Ulimwengu ulikuwa na picha mbili za nchi hii: ya maiti katika taarifa za habari, na ya gorila wauaji katika senema. Katika zote mbili mwenyeji alionekana, lakini hakuulizwa. Hata mlima wa moto, ambao kwa Crichton ni pazia la kufungia kisa, kwetu haukufunga kitu: mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na watu wakajenga upya juu yake, kwa mawe yake.

Kwa hiyo tunawakubalia wasomaji wa fungu la kwanza kwamba riwaya inaishinda filamu, lakini si kwa sababu ya kompyuta. Inaishinda kwa kuamini kwamba hata adui ana lugha inayostahili kuchunguzwa. Tunawakubalia wa fungu la tatu kwamba imani hiyo iliishia kwa gorila. Kazi iliyobaki ni ya waandishi wa Kiswahili wa upande huu wa ziwa: kuiandika riwaya ya kusisimua ya Virunga ambamo mlinzi, mchuuzi wa makaa na mvuvi wa Kivu wanasema kwa ndimi zao, na msomaji wa Goma akaisoma bila kuhitaji Munro wa kumfasiria.