Mwanamwali wa Isaya na Bikira wa Mathayo

Neno moja la Isaya 7:14 limezua ugomvi wa karne nyingi baina ya Wayahudi na Wakristo. Kiebrania chasema 'alma; Biblia ya Kiswahili ya 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Unguja na wa Mombasa, yasema bikira. Wafasiri wake walikuwa watu wa bidii, na kazi yao imedumu; lakini mahali hapa waliacha kufasiri wakaanza kufafanua.

'Alma ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, awezaye kuposwa. Ni ndugu wa ghulamu, neno la Kiarabu wanalolijua wasomaji wa tenzi, na kama hilo lataja umri, si hali ya mwili. Lipo neno bethula, lililo karibu zaidi na bikira, ingawa nalo si imara: katika Yoeli 1:8 bethula amlilia mume wa ujana wake.

Aliyeambiwa maneno haya ni Ahazi, mfalme wa Yuda, yapata 734 kabla ya Kristo, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli walipomjia kwa vita. Ishara aliyopewa ilikuwa na muda wake: kabla mtoto hajajua kupambanua mema na mabaya, nchi za wafalme hao wawili zingekuwa ukiwa. Dameski ulianguka 732. Mtu atishwaye na adui mlangoni hafarijiwi kwa habari ya mtoto wa miaka mia saba baadaye. Trypho, Myahudi wa kitabu alichokiandika Justin yapata 160 baada ya Kristo, alishika njia hiyo, akamtaja Hezekia, mwana wa Ahazi. Justin aliwashutumu walimu wa Kiyahudi kwamba wameiharibu tafsiri ya Kiyunani kwa kuweka neanis, yaani mwanamke kijana. Haikuwa haki. Gombo la Isaya lililovumbuliwa Qumran 1947, ambalo ni la kale kuliko Mathayo, lina 'alma vilevile.

Bikira yatoka katika Septuaginta, na Septuaginta ni kazi ya Wayahudi. Wao ndio walioandika parthenos. Lakini katika Mwanzo 34:3 Dina aitwa parthenos baada ya kunajisiwa na Shekemu. Basi Mathayo hakulazimishwa na neno. Alikwisha kuamini habari za Mariamu, ndipo akamwona katika Isaya. Hilo halimpunguzii heshima, kwani watu wa Qumran nao walimsoma Habakuki hivyo hivyo, wakiyaona mambo ya siku zao katika maneno ya kale. Linalopotea, bikira ikiwekwa pande zote mbili, ni ule ujasiri wa Mathayo: msomaji wa Kiswahili hudhani kwamba mwinjili alinakili tu.

Mwaka huo huo wa 1952 tafsiri mpya ya Kiingereza huko Marekani iliandika mwanamke kijana, na mhubiri mmoja wa North Carolina akauchoma moto ukurasa huo hadharani. Kiswahili kisingehitaji moto, kwa kuwa kina mwanamwali. Neno hili lataja umri, nalo lachukua pamoja nalo dhana ya heshima ambayo mila huiweka juu ya msichana asiyeolewa, pasipo kuithibitisha. Jerome alidai kwamba 'alma hutokana na kitenzi cha kuficha. Wanazuoni wa leo hawamfuati, lakini ni ajabu kwamba mwali wa pwani alikuwa akitawishwa kweli kweli.

Wala neno hili si geni katika Biblia hiyo hiyo. Katika Wimbo Ulio Bora 1:3 Kiebrania kina 'alma kwa wingi, na wafasiri wameandika wanawali. Katika Mathayo 25 Kiyunani kina parthenos kwa wingi, nao wameandika wanawali kumi. Neno walilolitumia kwa lugha zote mbili walilikataa katika aya ambayo lilihitajiwa kuliko zote. Mathayo 1:23, palipo na habari za Mariamu, bikira ikae. Ahazi apewe mwanamwali wake.