Baada ya Joka Kuuawa: Hadithi za Ajabu na Vijana Wetu

Swali moja huwatatiza mara kwa mara walimu wa fasihi: je, yafaa kumpa kijana kitabu chenye majoka, majini na mazimwi? Wapo wasemao kwamba vitabu vya namna hiyo humtoa kijana katika mambo ya kweli, humrudisha katika ushirikina, na humzoesha kungojea miujiza badala ya kufanya kazi. Wapo pia wanaodhani kwamba joka ni mgeni aliyeletwa kwetu na vitabu na filamu za Ulaya. Sisi hatukubaliani na rai zote mbili. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba joka ni mwenyeji katika masimulizi yetu, na kwamba hadithi za ajabu, zikisomwa vizuri, humfikisha kijana kwenye maswali mazito ya utu. Mwisho tutapendekeza kitabu kimoja cha kusomwa.

Tuanze na mazingira yetu wenyewe. Kijana wa Tindiga, wilayani Kilosa, yuko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Katika milima hiyo limo pango la Kolelo, ambaye Waluguru na Wazaramo wa zamani walimsimulia kuwa nyoka mkubwa mwenye uwezo juu ya mvua na mavuno. Watu walitoka mbali kwenda kutambika huko. Tena, mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile alisemekana kuingiwa na pepo Hongo, ambaye mapokeo humhusisha na nyoka. Na kutokana na mahubiri yake ikazuka Vita vya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Ebrahim Hussein aliyatumia mambo hayo katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Basi nyoka wa masimulizi hakuwa kichekesho cha watoto. Alibeba njaa ya watu, hofu yao, na tumaini lao la kujikomboa.

Pwani nako yupo joka mwingine. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyoandikwa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, maskini Hamdani anapekua jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa huyo ana akili na anasema. Anamwozesha bwana wake binti wa sultani, kisha anaingia katika nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba, anavikata vyote kwa upanga, na ile nyumba yenye mali tele inakuwa ya Hamdani. Msomaji aliyezoea hadithi za mashujaa angetazamia kisa kikome hapo. Lakini ngano yetu haikomi. Paa anaugua; anatuma watu kwa bwana wake kuomba msaada; naye Hamdani, ambaye jana alikuwa hana kitu, anaamuru apewe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa kwa uchungu, na maiti yake inatupwa kisimani. Baada ya hayo Hamdani anaamka siku moja na kujikuta yuko jaani vilevile, akipekua kama zamani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kumuua joka ni sehemu nyepesi ya ngano hii. Huchukua muda mfupi, na msimulizi hapakawilii. Sehemu ngumu huja baadaye, wakati mtu amekwisha kushiba na aliyemsaidia yuko taabani. Wala si kwetu tu ambako wasimulizi wameliona jambo hili. Katika The Hobbit, riwaya ya Mwingereza J. R. R. Tolkien iliyotoka mwaka 1937, joka Smaug anauawa kabla kitabu hakijaisha, na kurasa zinazofuata ni za ugomvi wa waliosalia juu ya hazina yake. Mwalimu wa Kilosa aweza kulieleza jambo hili bila kwenda mbali. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukabomoa nyumba na kuharibu reli, adui alikuwa maji, na maji yalipungua. Baada ya maji kupungua, lilibaki suala la jirani na jirani: nani atagawana na nani.

Kitabu tunachokipendekeza kinaanzia papo hapo. Nacho ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert (1909–1962), kilichotoka mwaka 1952. Kina ndugu zake wa mbali katika hadithi za Alfu Lela u Lela, lakini kimevikwa Kiswahili na maadili ya mwandishi mwenyewe. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu, nchi inayotawaliwa na Adili. Huko Ikibali anagundua siri ya kutisha: liwali huyu mwema huwapiga manyani wawili kila usiku kwa mjeledi, huku moyo wake ukiumia. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa ajili ya wivu, nao wakageuzwa wanyama na Huria, jini ambaye Adili alikuwa amemtendea wema. Naye Huria ndiye aliyeamuru wapigwe, na Adili akiacha kutii atapata adhabu yeye.

Tazama jinsi ajabu ilivyotumiwa hapa. Jini hakuja kumpa shujaa mali ya bure. Amekuja kumtia katika mtihani: haki imekwisha kutendeka, wenye hatia wamekwisha kuadhibiwa, lakini mwenye haki hana raha. Adhabu isiyo na mwisho inamuumiza anayeitoa pamoja na anayeipokea. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kujiuliza mwenyewe: je, ndugu aliyenidhulumu nimpige mpaka lini? Swali hilo lingeulizwa kwa mahubiri makavu, lisingemgusa. Likiulizwa kwa sura ya nyani anayelia chini ya mjeledi, halisahauliki.

Hatusemi kwamba kitabu hakina kasoro. Majina ya wahusika yametangulia kuwahukumu: Adili ni mwadilifu tangu mwanzo, na Hasidi na Mwivu wamebeba husuda katika majina yao, hata msomaji hapati nafasi ya kuwashuku wala kuwatumainia. Heshima kwa wafalme ni nyingi kuliko ambavyo raia wa jamhuri angependa. Lugha nayo ni nzito kwa anayeanza. Lakini kasoro hizo ni mali ya darasani. Mwalimu awaachie wanafunzi wajadili kama Hasidi angeweza kuwa mtu mwingine lau angeitwa jina jingine, na kama Adili alifanya sawa kutii kwa muda mrefu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wafanye hivi. Kwanza, ngano ya Sultani Darai isimuliwe kwa mdomo, na wanafunzi wawaulize wazee wao ngano za nyoka na mazimwi za kwao, Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na wengineo, waziandike. Kisha Adili na Nduguze kisomwe kwa sauti, sura kwa sura, bila kuharakishwa. Na mwanafunzi akitaka baadaye kusoma majoka ya Ulaya, asizuiwe. Atayasoma akiwa na kipimo chake. Ataweza kumuuliza kila shujaa, wa kwao au wa mbali, swali ambalo ngano ya paa imemfundisha: joka amekufa, nyumba umepata, je, yule aliyekusaidia umempa uji gani?