Waliosahaulika au Waliosahauliwa?

Mara ya kwanza niliposikia kwaya ikiimba “Urithi wa Walivonia” wa Veljo Tormis, sikuelewa hata neno moja. Baadaye nilitambua kwamba waimbaji wengi wa kazi hiyo nao ni kama mimi: wanatamka lugha wasiyoizungumza. Nikajiuliza, je, kwaya inaweza kuiokoa lugha?

Tormis alizaliwa Estonia mwaka 1930, akasomea utunzi Moscow hadi 1956. Alivutwa na regilaul, nyimbo za kale za Waestonia ambazo kiongozi hutoa mstari na wenzake wakaupokea. Kati ya 1970 na 1989 alitunga mafungu sita ya nyimbo za jamii ndogo zenye undugu wa lugha na Waestonia, wakiwemo Walivonia, Wavepsi na Waingria. Mkusanyiko huo wengi wangeuita kwa Kiswahili “Watu Waliosahaulika”.

Ni rahisi kumlaumu kwa kurudiarudia. Lakini sikiliza tena. Kiini cha wimbo hakiguswi. Kinachobadilika ni sauti zinazouzunguka, moja ikishikilia noti ndefu huku nyingine zikipanda juu yake. Tormis alisema si yeye anayezitumia nyimbo za jadi, bali zenyewe ndizo zinazomtumia. Nilidhani huo ni unyenyekevu wa mdomoni. Sasa naona ndiyo mbinu yake.

Hata hivyo, kuna hasara. Kijijini, wimbo wa kuwaamsha ndege ulikuwa na kazi yake majira ya kuchipua. Jukwaani, tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Mtu wa mwisho aliyekuwa na Kilivonia kama lugha mama alifariki Kanada mwaka 2013, miaka 43 baada ya kazi hiyo kutungwa. Kwaya haikukizuia kifo hicho.

Basi kazi hii ina thamani gani? Nadhani jibu limo katika jina. “Kusahaulika” hakumtaji mtendaji, kana kwamba watu hawa walififia wenyewe. Lakini Waingria walihamishwa kwa nguvu enzi za Stalin, na pwani ya Walivonia ikafanywa eneo la mpakani lililofungwa, wavuvi wakatengwa na bahari yao. Mimi ningeuita “Watu Waliosahauliwa”. Herufi moja tu inabadilika, na papo hapo tunalazimika kuuliza: na nani?

Tormis hakuiokoa lugha. Alituzuia tu kusema kwamba hatukuisikia.