Flo Ana Jina: Kumsoma Jane Goodall Ukiwa Tabora

Ukikaa hapa Tabora ukasoma vitabu vya njia ya zamani ya misafara, utachoka na hesabu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao huku Unyanyembe, anatuhesabia frasila za pembe za ndovu. Stanley, katika kitabu chake cha 1872, anahesabu wapagazi, marobota ya nguo na shanga. Kila kitu kina uzito na bei, ila wengi wa waliobeba mizigo hawana majina.

Ndiyo maana mimi *In the Shadow of Man* cha Jane Goodall (1971) nakisoma kama kitabu cha njia hii hii. Misafara iliishia Ujiji. Gombe iko ziwani, kaskazini kidogo ya Kigoma. Goodall alifika Julai 1960, binti wa miaka 26, hana hata shahada. Mwaka huohuo akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, na wanasayansi wakalazimika kufikiri upya kama kweli binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Wataalamu walitaka sokwe wapewe namba. Yeye akawaita David Greybeard, Flo, Fifi. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi mkubwa wa kiuandishi katika kitabu kizima: pale palipohesabiwa pembe, mtu ametaja majina ya wanyama.

Sasa basi, shida yangu. Flo tunamjua barabara: pua yake, uvumilivu wake, malezi yake. Dominic mpishi, Adolf askari wa wanyamapori, na Rashidi wametajwa, tena kwa upendo. Lakini tunawajua kwa kazi zao zaidi kuliko kwa mawazo yao. Na wanakijiji walio nje ya msitu? Ni kama mandhari tu.

Goodall mwenyewe alikuja kuliona pengo hilo, ingawa si mezani pa kuandikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo, akakuta vilima vinavyoizunguka hifadhi vimebaki vipara. Akaelewa kwamba huwezi kumlinda sokwe huku jirani yake hana kuni wala shamba lenye rutuba. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE: vitalu vya miti, maji, afya, mikopo midogo kwa akina mama, msaada wa masomo kwa wasichana. Hapo mtafiti aligeuka mtumishi wa watu, na hakurudi nyuma hadi alipofariki Oktoba 2025, akiwa bado kwenye ziara ya mihadhara Marekani.

Lakini kalamu haikufika mbali kama miguu. Katika vitabu vyake vya baadaye, kuanzia *Reason for Hope* (1999), matumaini yanahubiriwa mno, na mwanakijiji anaingia kama mfano wa mafanikio, akishatoa somo anaondoka.

Sisi wa Tabora tunajua mambo si mepesi hivyo. Miombo yetu inakatwa kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, na anayeshika shoka mara nyingi ni mtu anayetafuta ada ya mtoto. Huyo anahitaji mwandishi, si mhubiri.

Kwa hiyo nawauliza wenzangu mnaoandika Kiswahili: yule mama wa Kigoma aliyechukua mkopo akapanda miti, nani atamwandika kwa jina lake, na utani wake, na wivu wake, na hasira zake, kama alivyoandikwa Flo?