Faragha si siri: Msamiati wetu wa mtandaoni unavyotuvua nguo

MIONGONI mwa maneno ya Kiswahili yanayodhulumiwa mno siku hizi ni neno ‘faragha’. Nalisikia redioni, nalisoma katika matangazo ya kampuni za simu na nalikuta katika tasnifu za wanafunzi wangu. Takriban kila mara limevishwa maana ya neno jingine, yaani ‘siri’. Yupo atakayesema huu ni ubishi wa wanaisimu waliokosa la kufanya. Nitajaribu kuonyesha kwamba mkanganyiko huu una gharama, na wanaoilipa ni watu wa kawaida wa hapa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Tuanze na maana. Siri ni habari. Ni jambo ambalo mwenye kulijua hataki wengine walijue. Faragha ni nafasi. Kila mtu anajua kwamba mimi huoga, kwa hivyo kuoga kwangu si siri. Hata hivyo, ninapoingia bafuni nafunga mlango. Kinachohifadhiwa na mlango ule ni faragha yangu. Asili ya neno hili katika Kiarabu inatusaidia: mzizi wake unahusu utupu, nafasi na hali ya kuwa huru bila shughuli. Mwenye faragha ni mtu aliyepewa nafasi yake, akaachwa nayo. Msomaji aiweke maana hiyo akilini, kwa sababu tutaihitaji tutakapofika kwenye suala la kazi.

Tukishachanganya maneno haya mawili, mtu anayedai faragha huonekana mara moja kuwa na jambo analoficha. Nenda kwenye lango la jengo lolote lenye afisi katika miji yetu. Utapewa daftari na kalamu, uandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na uendako. Daftari limelazwa wazi mezani, na walioingia kabla yako umewasoma wote. Nimemsikia bawabu akimjibu mama aliyesita kuandika namba yake: “Kwani mama, namba yako ni siri?” Swali hilo lilimnyamazisha, akaandika. Hakuwa na jibu kwa sababu lugha aliyoulizwa nayo haikumwachia jibu. Namba yake si siri, maana wateja wake wote wa sokoni wanayo. Alichotaka ni kwamba kijana asiyemjua, atakayesimama hapo baada yake, asiipate bure na kuanza kumtumia jumbe saa nne usiku. Angekuwa na neno lake mkononi angejibu, “La, si siri, ni faragha yangu.”

Katiba ya 2010 ingemuunga mkono. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na hakikomei kwenye kufichua habari za mtu. Kinakataza pia kudai habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo ulazima. Katazo hilo la pili ndilo tunalolisahau. Kosa linaweza kuanza pale mtu anapoulizwa, kabla hata habari zake hazijavuja.

Kuna neno la tatu ambalo naona tumelisukuma pembeni bila sababu, nalo ni ‘sitara’. Siri anayo mwenyewe. Faragha anaidai mwenyewe. Sitara, kinyume chake, humtegemea mwenzako. Ni kitendo cha mtu aliyekuona katika hali usiyotaka kuonwa, akakufunika. Ndiyo maana tunamwomba mtu ‘atusitiri’ na hatumwombi ‘atufaraghishe’.

Kizazi changu kiliishi ndani ya sitara hiyo bila kuipa jina. Vijijini mwetu, wakati wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi Mombasa na Nairobi, barua zilifika kupitia sanduku la posta la shule au la kanisa. Nyanya asiyejua kusoma alimtafuta mwalimu au mtoto wa shule amsomee. Msomaji huyo alijua nani ametuma pesa na nani hakutuma, nani ameoa mke wa pili mjini, nani amefutwa kazi. Alijua mambo ya boma zima. Kijiji kiliendelea kuishi kwa amani kwa sababu, baada ya kuikunja barua ile, msomaji aliukunja na mdomo wake. Hapakuwa na fomu wala saini, ila jamii ilijua kwamba anayeshika habari za mwenzake ameshika amana.

Mrithi wa msomaji barua ni kijana wa saiba. Pita mjini Voi wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbizana na makataa ya ushuru ya tarehe 30, ujionee foleni. Mkulima, mama wa mboga, askari mstaafu, wote wanampa kijana yule kitambulisho, PIN ya ushuru, barua-pepe na nywila. Mara nyingi nywila imeandikwa kwenye karatasi, au kijana mwenyewe ndiye aliyeibuni na kuiweka katika daftari lake ili mteja “asisumbuke mwaka ujao”. Sina nia ya kumlaumu kijana huyu. Bila yeye, nusu ya huduma za serikali zilizohamishiwa mtandaoni zisingewafikia watu wetu. Ninachouliza ni hiki: je, kuna aliyemwambia kwamba ameshika amana? Mafunzo ya tarakilishi aliyopata yalimfundisha kubofya. Lugha aliyofundishwa kwayo haikuwa na neno sitara.

Hapa ndipo ninapotaka kuihakiki istilahi yenyewe ya sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mnamo Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data aliapishwa Novemba 2020. Jirani zetu wa Tanzania walipitisha yao mwaka 2022 wakaiita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Linganisha majina hayo mawili. ‘Data’ ni neno la mashine. Katika mazungumzo ya Mkenya wa kawaida, data ni kitu unachonunua kwa shilingi 20 ili uingie intaneti: “Sina data, nitumie baadaye.” Mwambie mtu huyo kwamba kuna afisi inayolinda data, atadhani bando lake halitaisha mapema. ‘Taarifa binafsi’ walau inamkumbusha msikilizaji kuwa kuna mtu ndani yake. Katika hili Watanzania wametushinda, na hakuna aibu kuwaiga.

Hata hivyo, majina yote mawili yana kasoro moja. Yanatangaza kulinda taarifa, kana kwamba taarifa ni gunia la mahindi na tishio ni mwizi wa usiku. Anayehitaji kulindwa ni mtu. Baadhi ya wafasiri humwita ‘mhusika wa data’, nami kama mwalimu wa fasihi hushtuka kila nikisoma hivyo. Mhusika ni kiumbe wa mtunzi. Hutembea anapotembezwa na husema anachosemeshwa. Kumbe sheria inakusudia kinyume kabisa: kwamba mtu huyu aambiwe habari zake zitatumiwaje, azione, apinge, aombe zisahihishwe, hata zifutwe. Ningependa aitwe ‘mwenye taarifa’, kama tusemavyo mwenye nyumba au mwenye shamba.

Kesi zilizokwisha kuamuliwa zinaonyesha kwamba kinachozungumziwa ni sitara. Mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna ilitangaza faini tatu. Shule ya Roma ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride ilitozwa Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na namba za watu ilizopata kwa wengine, na kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Hakuna siri yoyote iliyoibwa hapo. Sura ya mtoto si siri, na mtu aliyekwenda klabu alionwa na wote waliokuwapo. Kosa ni kwamba aliyeshika kitu cha mwenzake alikianika. Mwenye kudaiwa akitangaziwa deni kwa shemeji, mwajiri na mchungaji wake, Kiswahili kina jina la tendo hilo: amevuliwa nguo.

Neno jingine linalohitaji kuhakikiwa ni ‘kubali’. Ndilo lililoandikwa kwenye kitufe cha kila programu tunayoiweka simuni. Kukubali kunaweza kuwa kwa kuchoka, kwa kuogopa au kwa kukosa njia nyingine. Kuridhia ni zaidi ya hapo, maana ndani yake mna moyo uliotulia baada ya kuelewa. Wazee wa pwani waliosema kimya ni ridhaa walikuwa na muktadha wao, lakini sheria ya 2019 haikubali kimya. Inataka ridhaa ya wazi, ya hiari, mahsusi, na iliyotolewa na mtu aliyearifiwa. Sasa niambie, mkulima wa Kasigau anaarifiwa vipi na kurasa 20 za Kiingereza cha mawakili? Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kampuni inayojua kumtangazia mkopo kwa Kiswahili kitamu, halafu ikamwekea masharti kwa Kiingereza, imejua inachofanya.

Nimesema tutarudi kwenye kazi. Wakenya wamebuni wenyewe neno la kumtaja mtu asiyepatikana kwa simu: “Ako mteja.” Limetokana na ile sauti iliyorekodiwa inayotuarifu kwamba mteja tuliyempigia hapatikani. Ni ubunifu wa kufurahisha, lakini sikiliza toni yake. ‘Kuwa mteja’ ni shutuma. Mwalimu aliyezima simu Jumapili, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akalala, karani aliyekwenda kuzika, wote ‘walikuwa mteja’ na Jumatatu watajieleza. Gurupu la Wasap la kazini halina saa ya kufunga, na zile alama mbili za buluu zimekuwa rejista ya mahudhurio. Mwanafunzi mmoja aliniambia bila kutania, “Prof, si nilikuona onlaini saa tano usiku, na hukunijibu?” Nilimwambia, “Mwanangu, uliona taa ya nyumba inawaka. Hukuambiwa karibu.”

Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua-pepe za kazi baada ya saa za kazi. Ufaransa ilianza kutekeleza sheria ya namna hiyo Januari 2017. Shirikisho la Waajiri nchini liliupinga mswada wetu. Mjadala ulipofika katika Kiswahili uliyumba, kwa sababu wafasiri waliiita haki hiyo ‘kujitenga’, ‘kukata mawasiliano’, hata ‘kuzima’. Yote ni maneno ya mtu mkaidi, na mwenye kuyasikia atamhurumia mwajiri. Ilhali neno lilikuwepo: faragha, katika maana yake ya asili, yaani wakati mtupu usio na shughuli ya mtu mwingine.

Nategemea pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba faragha ni mambo ya Wazungu, sisi ni watu wa ujamaa. Anayesema hivyo hajawahi kutafakari neno ‘hodi’. Ukibisha hodi mara tatu bila kujibiwa, unarudi ulikotoka, hata kama umesikia sauti ndani. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na daka la kupokelea wageni, na mlango ukawekwa kwa namna ambayo mpita njia haoni ndani. Ujamaa wetu ulikuwa na milango. Wasap ndiyo iliyotuletea nyumba isiyo na hodi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Sitara imewahi kutumiwa kuwafunika waovu, kama vile mjomba aliyemdhulumu mtoto, au mume anayepiga, na ukoo ukaambiana “tusitiriane”. Kweli, na hilo lazima likataliwe. Sitara ni haki ya mnyonge na haiwi kichaka cha mwenye nguvu. Na hapa ndipo tofauti niliyoanza nayo inapodhihirisha thamani yake. Afisi za umma, ambazo Kifungu cha 35 cha Katiba kinazitaka zitoe habari kwa raia, hupiga muhuri wa ‘siri’ hata kwenye orodha ya zabuni. Wakati huo huo raia anaandika namba ya kitambulisho kwenye daftari la wazi. Anayepaswa kuonwa amejificha, na anayepaswa kusitiriwa yuko uchi.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Waandishi wa kamusi waweke mpaka wazi kati ya siri, faragha na sitara, wala wasielezee moja kwa jingine. Afisi ya Kamishna wa Data itoe fomu na ilani zake za Kiswahili kwa ‘ridhaa’ na ‘mwenye taarifa’, na kuwataka wanaokusanya taarifa kufanya vivyo hivyo. Nasi walimu wa Kiswahili, tunapofundisha barua-pepe na arafa katika uandishi wa kiuamilifu, tusiishie kwenye anwani na kimalizio. Tumfundishe mwanafunzi kwamba namba ya mwenzake ni amana, kwa sababu mwanafunzi huyo ndiye atakayekaa langoni kesho na daftari, au nyuma ya tarakilishi ya saiba mwezi wa Juni.