Nani Atashusha Mapaa ya Lalibela?

Nitaanza na hukumu, maana wasomaji wa safu hii mmekwisha nizoea: mapaa manne yaliyosimikwa juu ya makanisa ya mwamba ya Lalibela mwaka 2008 ni kosa, na kosa lenyewe si la mafundi wa kuchomelea. Lilifanyika mezani, kabla chuma hakijafika Ethiopia. Picha zake mmeziona: miavuli mikubwa myeupe imefunika kazi ya karne ya 12 na 13, na msafiri anayetaka kumwona Mfalme Lalibela analazimika kumtazama mkandarasi kwanza.

Nilipokwenda huko kwa safari fupi, nilisimama ukingoni mwa handaki la Bete Medhane Alem. Wenzangu walikuwa wakihangaika na nakshi za madirisha. Mimi nilikuwa nakodolea macho mguu wa nguzo. Nguzo ile inabeba kenchi zima la chuma, na imekaa juu ya mwamba uleule ambao kanisa limechongwa ndani yake. Ni mwamba wa volkano, mwekundu, laini kwa patasi na mnyonge kwa maji. Ukiupitishia kidole, kidole kinatoka na vumbi. Na mlima wenyewe si mzima: umetobolewa mahandaki na njia za chini kwa chini, unaacha kanisa moja unatokea kwenye jingine. Mahali kama hapo, fundi wa kawaida wa Ngara, Tanzania, angeuliza swali moja tu kabla ya kushusha mzigo: chini hapa pana nini?

Tuwe wa haki kidogo. Maji yalikuwa yakipenya kweli, nyufa zilikuwepo, na lengo la kuzuia mvua lilikuwa sahihi. Fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, usanifu ukatoka Italia kwa njia ya mashindano. Sina neno hapo.

Neno langu liko kwenye uamuzi wenyewe. Kwanza, dawa moja ilitolewa kwa wagonjwa tofauti. Bete Medhane Alem ni jiwe moja lililotengwa pande zote, lina urefu wa mita 33 na zaidi, na paa lake la mwamba linapigwa na mvua moja kwa moja. Bete Abba Libanos siyo hivyo. Limetengwa kuta tu. Juu bado limeshikana na mlima. Maji yanayolisumbua kanisa la namna hiyo yanaweza kutoka mlimani, nyuma na juu, yakipita ndani ya mwamba. Mwavuli wa chuma unazuia tone linaloanguka, hauzuii maji yanayotambaa. Yote mawili yakapewa mwavuli.

Pili, na hapa ndipo ninapokasirika, mapaa yale yaliitwa ya muda. Yalitarajiwa kukaa kama miaka kumi. Miaka kumi ikafika, na Oktoba 2018 watu wa Lalibela wakaandamana barabarani wakihofia chuma kitayaangukia makanisa yao. Machi 2019 Rais Macron wa Ufaransa akafika na Waziri Mkuu Abiy Ahmed, akaahidi msaada. Ahadi ya kiongozi si mpango wa ushushaji. Winchi itasimama wapi, kama si juu ya mwamba uleule tunaouogopea? Nguzo zitateremshwa kwa mpangilio gani, na kanisa litafunikwa na nini siku zile za kazi, ikiwa masika yao ya Juni hadi Septemba yatawahi? Maswali hayo yalipaswa kujibiwa kwenye mchoro wa kwanza. Kitu cha muda kisicho na siku ya kuondolewa wala jina la mwenye kukiondoa ni cha kudumu, ila hakina mwenyewe.

Wahandisi wa daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, walijua kwamba cha zamani hakibebeshwi. Daraja la zamani la Mto Kagera lilipozidiwa na malori, hakuna aliyebebesha jipya juu ya lile. Jipya likapewa miguu yake pembeni, na Aprili 2016 Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Kagame wa Rwanda wakalifungua. Kizee kinachoka, hukiongezei mzigo kwa jina la kukisaidia.

Na mtaniwia radhi nikirudi Laetoli, kwetu Tanzania, kama kawaida yangu. Nyayo zile za mababu wa binadamu, za miaka milioni 3.6, zilipofukiwa mara ya kwanza, mbegu za migunga ziliingia na udongo na mizizi ikaanza kula unyayo. Miaka ya 1990 Idara yetu ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty hawakujenga hekalu la vioo. Waliondoa miti, wakafukia upya kwa tabaka za mchanga, vitambaa vya kuzuia mizizi na mawe. Haipigiki picha, lakini inafanya kazi, na inaondoleka kwa koleo. Kila anayedai zifunuliwe ili watalii waone, nampeleka Lalibela.

Lalibela yenyewe iliwahi kupata watu wa aina ya wale waliofukia nyayo. Miaka ya 1950 mapaa ya makanisa yalipakwa lami na rangi; katika miaka ya 1960 Mwitalia Sandro Angelini akaja kubandua uchafu ule, akashughulikia nyufa na mifereji. Karibuni zaidi, ukarabati wa Bete Gabriel Rufael ulifuata njia hiyohiyo ya mkono na jiwe. Kazi safi.

Lakini mabingwa wangu ni wale wachongaji wa kwanza, wasiojulikana majina. Walianza juu wakashuka, handaki kwanza, kanisa baadaye, maana ukichonga jiwe hakuna kurudishia kipande. Tazama Bete Giyorgis, lile la umbo la msalaba: liko wazi kwa mvua hadi leo, halina mwavuli, na ndilo lililohifadhika kuliko yote. Atakayepewa kazi ya kuondoa mapaa yale aanzie Abba Libanos, ambako hoja ya mwavuli ni dhaifu zaidi, na fedha ya paa jipya aipeleke kwenye mifereji. Akileta mchoro wa kenchi jingine, arudishwe nao.