Asili ya Mhusika na Neno "Aweza"

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, mambo mengi hukatwa kwa dadu. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilimpa kila mhusika asili yake, na pamoja na asili hiyo sifa ambayo kwa kawaida haitaki dadu. Aliyekuwa baharia, kwa mfano, aweza kujipatia yeye na wenziwe safari ya bure chomboni.

Wako wasimamizi wa mchezo wasomao "aweza" kana kwamba ni "huenda", kisha huagiza dadu zitupwe. Usomaji huo ni dhaifu. Kanuni haineni ustadi wa baharia, bali yanena ulimwengu anamoishi: kwamba wamo manahodha wamjuao, wenye deni la fadhila kwake. Wala si kweli kwamba sifa hiyo haina mpaka, kama wachezaji wenye pupa wadaivyo. Mpaka umo katika maneno yenyewe: wasafiri hutazamiwa kusaidia kazi za chombo, wala hawana hakika ya saa au njia. Msimamizi aongezaye dadu juu ya masharti hayo humtoza mchezaji nauli mara mbili.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kiliziondoa sifa hizi. Baharia wake hupewa ujuzi wa kupigana vilabuni, jambo lihesabikalo kwa urahisi. Ubishi umepungua, lakini hana tena nahodha wa kumdai.